Gitaa la Ng'ombe Watatu

Mpwa wangu anayepiga gitaa kanisani alinijia juzi na simu mkononi, akanionyesha picha. Gitaa la umeme, jekundu, linang'aa, na kwenye kichwa chake kuna sahihi ya mpigaji mmoja mashuhuri wa ng'ambo. Pembeni kulikuwa na picha ya gitaa jingine la kiwanda hichohicho, umbo lilelile, rangi ileile, ila halina sahihi, na bei yake haikufika hata nusu. Akaniuliza, "Mjomba, wewe umewahi kuwa nalo la namna hii. Hiyo tofauti ya bei inastahili?"

Nikamwambia akamuulize mama yake. Akacheka, akidhani natania, kwa sababu mama yake, ambaye ni dada yangu, hajapiga gitaa hata siku moja. Lakini katika ukoo wetu hakuna anayeijua bei ya kitu hicho kumzidi yeye, hata mimi niliyekinunua.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipoachia biashara. Kyela tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sabuni na sukari, tukaingia ghafla kwenye maduka yaliyofurika hadi barazani, na kwa muda fulani tulinunua vitu kwa kuwa tu vipo. Jirani yetu alinunua jokofu kabla nguzo ya kwanza ya umeme haijafika kwao, akawa anahifadhi ndani yake nguo za kanisani, kwa vile panya hawakuweza kuingia. Tulimcheka sana. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, napiga gitaa la ridhimu katika bendi ndogo pale mjini. Tulipiga kwenye harusi na kipaimara, mchana tu, maana jenereta tulilokodi lilikuwa la mwenye baa na jioni alilitaka mwenyewe. Mpiga solo wetu alitoka Bujonde. Gitaa lake lilichongwa na seremala wa majeneza, kutokana na ubao wa mvule uliobaki baada ya kumzika mtu mfupi. Ndani yake alifunga sumaku aliyoing'oa kwenye simu ya mezani iliyokufa. Nyuzi zake zilikuwa waya wa breki za baiskeli, aliouchambua uzi mmoja mmoja kwa koleo. Alipoanza kupiga, wanawake waliacha sufuria jikoni zikaunguza wali, na wali wenyewe ni wa Kyela, ambao mtu hauachi uungue bila sababu.

Mimi nilipiga vibaya. Leo nalisema bila wasiwasi. Wakati ule nilisema gitaa langu la kuazima ndilo baya, na kwamba siku nikipata chombo chenye hadhi, watu watanijua. Ajabu ni kwamba mwenzangu aliyepiga ubao wa jeneza nilimwona kila wiki, na bado nikaendelea kuyaamini maneno yangu.

Chombo chenye hadhi nilikiona Bondeni, katika duka la mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya pwani, kimening'inizwa kati ya vyandarua na mabakuli ya bati. Yalikuwa mawili, mapacha kabisa. Yule mzee aliyashusha yote, akayapangusa vumbi, akanieleza kwa uaminifu ambao kwao leo namheshimu. Lile la kushoto ni gitaa. Lile la kulia ni gitaa hilohilo, lakini lina sahihi ya bingwa mmoja wa Ulaya, na kwa ajili hiyo bei yake ni zaidi ya mara mbili.

"Sauti ni tofauti?" nikauliza.

"Mwanangu, wallahi mimi sijui gitaa, mimi najua bei. Wewe una vidole, yapige uyasikie."

Nikayapiga. Nilisikia sauti ileile mara mbili. Nikamwambia, "Hili la sahihi lina kitu ndani yake," na yule mzee akanitazama kwa huruma kidogo, akasema kama ni kwa kujifunza nichukue la kawaida. Kujifunza! Neno hilo ndilo lililoniuza. Nikamwambia naitaka sahihi.

Fedha sikuwa nayo. Nilikuwa na ng'ombe, au nilidhani ninao.

Kwetu Wanyakyusa, ng'ombe wanaoletwa kumwoa dada hawawi wa kuchezea. Hukaa zizini wakimsubiri kaka yake, na yeye ndiye anayewatoa siku akienda kuoa. Lakini ndoa ya dada ikivunjika kabla ya mtoto, ng'ombe haohao hudaiwa warudi walikotoka. Dada yangu, mkubwa wangu kwa miaka miwili, alikuwa ameolewa kwa ng'ombe watatu na mkulima wa mpunga wa Katumba Songwe. Kwa hiyo wale watatu walikuwa na kazi mbili: kuniletea mke mimi, na kumfungulia yeye njia ya kurudi nyumbani ikimlazimu. Kazi ya pili sikuifikiria kabisa.

Baba alikuwa amewahi kuwa katibu wa chama cha msingi cha ushirika, na katika maisha yake aliamini vitu viwili, Mungu na muhuri. Nilimweleza kwamba gitaa hili litatafuta fedha, kwamba ndani ya mwaka nitamrudishia ng'ombe sita, kwamba lina sahihi ya mwenyewe bingwa.

"Sahihi," baba akasema. "Na muhuri?"

"Halina muhuri, baba."

"Sahihi bila muhuri mtu yeyote anaweka."

Nilimwona mshamba. Nikambana wiki tatu nzima, nikamletea na mama, nikamletea na mchungaji ambaye aliahidiwa kwamba gitaa litapigwa kanisani bure. Mwishowe baba akachoka, akasema ng'ombe ni wangu kwa mila, lakini nisiseme hakunionya. Wakaenda mnadani wote watatu. Mmoja alikuwa na pembe iliyovunjika na alizoea kulamba mkono wa mama.

Dada hakuulizwa. Alipata habari ng'ombe wameshavuka daraja, akaja Jumapili moja na kikapu cha ndizi, akaniuliza mbele ya mama, "Mdogo wangu, na mimi nikitaka kurudi nyumbani, nitarudi kwa nini? Kwa wimbo?"

Nikamwambia mume wake ni mtu mwema, hana sababu ya kurudi. Niliamini hivyo kwa sababu shemeji alikuwa amelisifia gitaa langu wiki iliyotangulia.

Nyumbani gitaa lilipokelewa kwa heshima zote. Mama alilidarizia kitambaa chenye maua, kama kile cha redio, na kuandika kwa uzi wa buluu kwamba Bwana ni mchungaji wake. Nailoni ya kiwandani sikuibandua, ili sahihi isikwanguke. Nilipiga juu ya nailoni. Ikapata mikunjo, ikawa inakwaruza kila nikipitisha mkono, na wenzangu wakadhani ni spika imepasuka. Tulifungua spika mara mbili na kuifunga tena. Wageni walipokuja nilifunua kitambaa upande wa kichwa tu, wakaitazama sahihi, wakasema "ndaga fijo", wakashukuru kama watu walioonyeshwa mtoto mchanga, nikakifunika tena.

Na kwa kuwa sasa nilikuwa na gitaa kubwa, kiongozi wa bendi akanipa solo. Yule fundi wa solo wa Bujonde akasogezwa kwenye ridhimu, na jeneza lake begani. Hakulalamika. Alisema tu, "Sawa, bwana, mwenye ng'ombe ndiye mwenye maziwa."

Harusi yetu ya kwanza kwa mpangilio huo ilikuwa Katumba Songwe, karibu na mto wa mpakani, mbele ya watu wa nchi zote mbili. Walicheza vizuri hadi zamu yangu ya solo ilipofika. Hapo wakakumbuka chakula. Niliwaona wakikaa chini mmoja mmoja, kwa adabu, na mimi nikazidi kuinua sauti. Wimbo ulipokwisha, mzee mmoja wa upande wa bibi harusi akanisogelea na fimbo yake, akainama kutazama kichwa cha gitaa.

"Mwanangu, hapa pameandikwa nini?"

"Ni sahihi, taata. Bingwa wa Ulaya amelisaini."

Akafikiri kidogo. "Basi mwiteni huyo aliyesaini aje apige."

Watu walicheka hadi watoto wakaja kuuliza kuna nini. Kiongozi wa bendi, ili harusi isiharibike, akanipokonya gitaa, akampa fundi wa Bujonde. Lo! Watu waliacha nyama kwenye sahani. Alipiga nyimbo mbili kwa gitaa langu, kisha akalirudisha, akachukua lake la jeneza na kuendelea, na katika wale wachezaji wote hakuna hata mmoja aliyegeuza kichwa kuona kwamba gitaa limebadilika. Baadaye nikamuuliza amelionaje. Nilitaka anisifie walau hilo.

"Zuri," alisema. "Shingo yake laini. Ila zito. Langu silihisi begani."

Nisilinyime haki yake basi. Lilikuwa gitaa zuri, na pacha wake aliyebaki dukani alikuwa mzuri vilevile. Masika ilipoingia, mvua yetu isiyojua kupumzika ikazila nyuzi zake kwa kutu, na nyuzi mpya zilikuwa Dar es Salaam, nauli juu. Nikaenda kwa fundi baiskeli nikanunua waya wa breki. Mwaka haujaisha, gitaa la sahihi na gitaa la jeneza yalikuwa yamevaa nyuzi moja. Wale ng'ombe sita wa baba bado hawakuonekana.

Kisha dada akarudi.

Alikuja kwa miguu, asubuhi, mkono wa kushoto umefungwa kwa khanga na jicho moja limefumba. Hakulia. Alimwambia mama kwamba sasa basi, yule mtu mwema amempiga kwa mpini wa jembe kwa sababu ya uzazi, na kwamba harudi. Mama alimkandia kwa maji ya moto huku mimi nimekaa nje, nikilisugua gitaa kutu kwa mafuta ya taa. Niliendelea kusugua kwa muda mrefu sana. Nilijua kinachofuata na sikutaka kuingia ndani.

Siku ya nne shemeji akaja na baba yake mdogo na wazee wawili. Walikaa, wakasalimia, "Mugonile, mugonile," wakala wali wetu. Halafu yule baba mdogo, mtu mpole wa maneno, akasema hawakuja kugombana. Mtoto kama amechoka, amechoka. Wao wanaomba ng'ombe wao, waende zao.

Baba akanitazama. Sikungoja aseme. Nikaingia ndani, nikaleta sanduku la gitaa, nikaliweka mbele ya wazee, nikaondoa kitambaa cha mama na kufungua kifuniko.

"Ni nini hiki?" mmoja wa wale wazee wawili akauliza.

"Ni ng'ombe," baba akasema.

"Wote watatu?"

"Wote watatu."

Mzee akainuka, akalizunguka sanduku polepole, akalitazama upande huu na upande ule. "Yule wa pembe iliyovunjika ni yupi?"

Hakuna aliyecheka, na yeye hakuwa amekusudia kuchekesha. Nikaanza kueleza. Nikasema lina sahihi, nikasema huko Ulaya watu wanalipigania, nikasema thamani yake hupanda kila mwaka, maneno niliyokuwa nimeyatunga mwenyewe kule dukani ili nijiuzie. Walinisikiliza hadi mwisho. Wazee wa kwetu hawakatizi mtu.

"Mwanangu," baba mdogo akasema, "ng'ombe wetu kwa muda huu wangeshazaa. Hili halijazaa. Tukilipeleka nyumbani, nani atalikamua? Kama ng'ombe hawapo, mke wetu yupo. Tutakaa naye hadi mtakapowapata."

Baba aliomba msimu mmoja. Wakasema hata miwili, hawana haraka, ila mke akae kwao. Na mila ilikuwa upande wao.

Dada alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Akajifunga khanga yake vizuri kwa mkono mmoja, akapita katikati ya wazee, akasimama mbele ya sanduku akilitazama. Nilidhani atalipiga teke, na ningeshukuru.

"Lifunike," aliniambia. "Linaingia vumbi."

Akatoka pamoja nao. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena, nikalifunika.

Ningependa kuandika kwamba kesho yake nililiuza. Kesho yake kweli nilikwenda nalo Bondeni kwa baiskeli. Yule mzee wa duka alinikaribisha kwa chai, akanionyesha ukutani. Sasa alikuwa na magitaa manne yenye sahihi, sahihi za mabingwa wanne mbalimbali, yameshushwa kwenye kontena moja kutoka Dubai, na alikuwa akiyauza kwa bei ambayo mimi ningenunua lile la kawaida. Akapiga hesabu kichwani, akanipa bei ya mtamba mmoja, tena mwembamba.

"Lakini mimi nimelipa ng'ombe watatu!"

"Mwanangu, gitaa nitakununulia. Sahihi ndiyo sina mnunuzi wake. Nilimpata mmoja tu, naye ni wewe."

Mtamba mmoja angekuwa mwanzo. Mjomba wetu alishasema akiona tumeanza ataongeza wa pili, na wa tatu baba angemtafuta kwenye kakao. Yote hayo niliyajua nikiwa nimekaa pale na kikombe mkononi. Na nikakataa. Nikamwambia mzee wa watu kwamba amenitukana, kwamba huwezi kulipangia gitaa la bingwa bei ya mtamba, nikalifunga gitaa kwenye baiskeli na kurudi nyumbani nikiwa na hasira ya mtu aliyedhulumiwa. Nilimwambia baba kwamba wanunuzi hawapo. Hilo nalo nimelibeba hadi leo.

Dada alikaa kule misimu mitatu. Ruksa ilikuwa imetufikia sote kwa wakati mmoja. Mimi nikanunua sahihi, yeye akanunua mpunga. Alianza na majaruba mawili aliyopewa na mama mkwe, ambaye alimpenda. Mavuno ya kwanza hakuyauza haraka kama wenzake. Aliyaweka hadi bei ilipopanda, akawauzia wenye malori waliokuwa wanakuja hadi shambani sasa kwa kuwa hakuna aliyewazuia. Kisha akaanza kununua mpunga wa majirani. Fedha aliitunzia kwa mama mkwe huyohuyo, kwenye chungu cha wafinyanzi wa Kikisi, chini ya unga. Shemeji alimpiga tena mara mbili, tulizosikia. Mimi katika misimu hiyo nilipiga harusi kumi na moja, zote kwenye ridhimu, maana solo nilishanyang'anywa.

Mwisho wa msimu wa tatu alikwenda mnadani mwenyewe, akanunua ng'ombe watatu, akawaswaga kwa fimbo yake hadi kwa baba mdogo wa shemeji, akawafunga uani kwake. Wazee wakawahesabu, wakawapokea. Akachukua nguo zake na majembe mawili, akaja nyumbani. Kyela nzima ilizungumza. Mwanamke kurudisha mahari yake mwenyewe huku baba na kaka wapo, wazima, wana meno yote! Sokoni watu waliniuliza kama gitaa halijambo.

Mwaka uliofuata akapata mchumba, mwalimu mjane, mtu wa maneno machache. Alileta ng'ombe wanne. Wazee wakakaa uani kwetu, wageni upande mmoja na sisi upande mwingine, na ilipofika wakati wa kuwapokea, baba akafuata mila kama alivyofundishwa. Akaniita mimi, kaka wa mwolewaji, nisogee niwashike, kwa kuwa hao ndio wangeniozesha. Nilikuwa nimevaa suruali ya kupiga pasi. Nilisogea, ndiyo. Siwezi kudanganya kwamba nilisita.

"Baba," dada akasema kutoka kwenye mkeka wa wanawake, "huyo alishaoa."

Wageni wakatazamana. Mwalimu akaniuliza kwa heshima, "Shemeji kumbe una familia?"

"Mke wake yumo ndani, kwenye sanduku," dada akasema. "Mahari yake nimeilipa mimi."

Wazee wa pande zote mbili walicheka hadi wakashika mbavu, na mchungaji naye. Nilicheka pia, kwa kuwa sikujua niweke wapi uso. Baba peke yake hakucheka. Aliwangoja wanyamaze, kisha akamuuliza dada mbele ya watu wote, kwa sauti ya chini, ng'ombe hawa basi ni wa nani.

"Wangu."

Baba akainamisha kichwa. Akaniambia nifungue zizi. Nikatoa zile fito moja moja, nikasimama pembeni nimeshikilia ya mwisho, wakaingia wote wanne, wakubwa, wamenona, na hakuna hata mmoja aliyekuwa wangu.